Dada ana kilo nyingi kuliko mimi, mbona vipimo vyangu ndo vibaya?

Shangazi shikamoo,

Naomba unisikilize mana nimechanganyikiwa na nyumbani hakuna anayenielewa. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, kilo 69, urefu sentimita 160, yaani siyo mtu ambaye ukimuona unasema huyu mnene, miguu myembamba, mikono myembamba, shida ni tumbo tu ambalo limeanza kuja hii miaka ya karibuni na haliondoki. Dada yangu mkubwa urefu wetu uleule ila yeye ana kilo 88, mapaja na nyonga kajaaliwa kwelikweli, lakini kiuno bado kinaonekana.

Sasa tukaenda kupima afya pamoja. Vyake vyote vikarudi safi, vyangu kila mstari una alama nyekundu. Sukari kabla ya kula 6.4, trigliseridi 2.3, ile kolesteroli nzuri HDL 1.0, presha 138 kwa 88, kiuno sentimita 96. Daktari alikuwa na foleni ndefu, akaniambia tu ni mafuta ya tumboni hayo, yanatoa homoni, yapunguze, alafu akaita mtu mwingine.

Nimeingia mtandaoni kusoma ndo nikazidi kupotea. Huyu anasema leptini inapunguza mwili, yule anasema wanene ndo wanayo nyingi, sasa lipi ni lipi? Rafiki yangu anauza kapsuli anasema zinaongeza leptini na adiponektini. Mwingine kanishauri nikanyonywe mafuta hospitali, yaishe siku moja. Mume wangu yeye anasema najitia wasiwasi bure, mbona dada mwenye kilo nyingi ni mzima.

Shangazi kinachoninyima usingizi ni kwamba mama yetu alifariki ghafla kwa shambulio la moyo akiwa na miaka 58. Kwa nini mimi na siyo dada? Nikapime hizo homoni? Kapsuli ninunue? Na dada yuko salama kweli au tunajidanganya?

Mdogo mtu

---

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama. Wasiwasi wako siyo wa bure, mumeo anakupenda ila kwenye hili amekosea, na nitakueleza kwa kirefu mana hilo neno "mafuta yanatoa homoni" ni kweli kabisa ila ukiachiwa hivohivo bila maelezo ndo unaishia kununua vichupa.

Wengi tumekua tukijua mafuta ya mwili ni akiba tu, yamekaa pale yanasubiri siku ya njaa. Hata madaktari kwa miaka mingi waliyaona hivo. Kilichobadilisha mambo ni panya. Mwaka 1949 kwenye maabara ya Jackson kule Maine, Marekani, walizaliwa panya waliokuwa wanakula bila kushiba na wananenepa kupita kiasi. Mtafiti Douglas Coleman baadaye akaunganisha mzunguko wa damu wa panya kama hao na wa panya wa kawaida, na yule mnene akapunguza kula, kwahiyo Coleman akasema kuna kitu kwenye damu ya panya wa kawaida ambacho huyu mnene hana. Ikachukua mpaka 1994 ndo Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakaipata jeni yenyewe, na homoni yake wakaiita leptini. Inatengenezwa wapi? Kwenye seli za mafuta. Kuanzia hapo ikabidi watu wakubali kwamba mafuta ni kiungo kinachofanya kazi, kinaongea na ubongo, ini, misuli, mishipa na moyo masaa yote.

Kazi ya leptini ni kuuambia ubongo akiba ipo kiasi gani. Mafuta yakiwa mengi leptini inapanda, yakipungua inashuka. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa hawawezi kuitengeneza kabisa, wa kwanza kuripotiwa walikuwa wawili wa ukoo mmoja mwaka 1997, mmoja alikuwa na miaka 8 na kilo 86, njaa haikati. Watoto wa hivo wakichomwa sindano ya leptini njaa inatulia na mwili unashuka. Ukisikia hapo unaona dawa imepatikana, na ndivyo dunia ilivyodhani, ila mtu mnene wa kawaida hana upungufu wa leptini, anayo nyingi mno, ubongo wake ndo umeacha kuisikiliza. Ni sawa na mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo redio imefunguliwa sauti ya mwisho, hata aje wa pili kugonga naye hatasikika. Mwaka 1999 yalitoka majibu ya utafiti wa kuwachoma watu wanene sindano za leptini na matokeo yalikuwa madogo na hayaeleweki, huyu kapungua kidogo, yule hata kidogo. Kwahiyo wote wawili uliowasoma mtandaoni wana ukweli nusunusu.

Na hapohapo nimeshajibu habari ya kapsuli. Leptini ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote, haifiki kwenye damu ikiwa leptini. Adiponektini hivohivo. Rafiki yako pengine anaamini anachouza, simsemi vibaya, lakini usinunue.

Sasa adiponektini. Hii nayo inatoka kwenye mafuta, iligunduliwa 1995, ila ina tabia ya ajabu, mafuta yakizidi hasa ya ndani ya tumbo yenyewe inapungua. Kazi yake nzuri, inasaidia misuli na ini kuisikia insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na inatuliza mcharuko kwenye kuta za mishipa, yaani ile hali ya mwili kuwaka na kuvimba ukijihami. Watafiti wa Osaka, Japan waliona mwishoni mwa miaka ya 90 kwamba wagonjwa wenye mishipa ya moyo iliyoziba wana adiponektini ya chini kuliko wenzao. Lakini usikimbilie kuipima mwanangu. Kwa wazee na watu ambao moyo tayari umeshachoka, adiponektini ya juu inaendana na vifo vingi zaidi, siyo vichache, na tafiti za vinasaba hazijaonesha wazi kwamba yenyewe kama yenyewe ndo inayoukinga moyo. Mi naichukulia kama dalili ya mafuta yanavyoendelea zaidi kuliko ngao. Ukiipima na namba ikarudi chini daktari atakuambia mambo yaleyale ambayo vipimo vyako vya sasa vimeshasema, utakuwa umelipa tu.

Kwa nini wewe na siyo dada, hapa ndo nataka tukae. Mafuta yote hayako sawa. Mfaransa mmoja, daktari Jean Vague, aliandika tangu 1947 kwamba wanaonenepa juu na tumboni wanaugua sukari na mishipa zaidi kuliko wanaonenepa chini kwenye nyonga na mapaja. Mafuta ya mapaja ya dada yako yako chini ya ngozi na yanapokea vizuri, yaani baada ya mlo yanachukua mafuta kwenye damu yanayatunza na hayayaachii ovyo. Ya kwako mengi yako ndani, yamezunguka utumbo, na damu inayotoka huko inaingia kwenye mshipa unaoenda moja kwa moja kwenye ini. Kila kinachovuja pale ini ndo linapokea la kwanza.

Uwezo wa kutunza mafuta chini ya ngozi mtu anarithi, na pia homoni za kike zinasaidia, ndo mana ukikaribia kukoma hedhi mafuta yanaanza kuhamia tumboni hata kama hujabadilisha kula. Kwa miaka yako 46 hilo huenda limeshaanza, ndo maana tumbo limekuja hii miaka ya karibuni. Seli za mafuta zikishindwa kuongezeka zinavimba tu, kila moja inakuwa kubwa mpaka hewa ya oksijeni haiitoshi, nyingine zinakufa, alafu askari wa mwili wanakuja kusafisha na wanabaki hapo. Kwenye mafuta ya mtu mnene sana wale askari wanaweza kuwa kama asilimia 40 ya seli zote. Wao na seli zilizovimba wanamwaga kemikali za mcharuko, TNF na IL-6, ambazo zinawasha moto mdogo wa kudumu mwilini ambao husikii homa wala maumivu.

Tuchukue vipimo vyako sasa uone vinavyoungana. Ini likipokea mafuta mengi linayafunga na kuyarudisha kwenye damu, hiyo ndo trigliseridi, mafuta yanayosafiri kwenye damu, yako ni 2.3 wakati inatakiwa chini ya 1.7. Trigliseridi zikijaa, HDL nayo inabadilishwa umbo inaondolewa haraka kwenye damu, ndo mana yako 1.0 na kwa mwanamke tunataka 1.3 kwenda juu. Ini na misuli yenye mafuta haisikii insulini vizuri, kongosho linaongeza insulini kufidia, sukari inaanza kupanda taratibu, 6.4 bado siyo kisukari, kisukari kinaanzia 7.0, ila umeshaingia njiani. Presha je? Mafuta yanatoa angiotensinojeni, malighafi ya homoni inayobana mishipa, leptini ikiwa nyingi inachochea mishipa ya fahamu inayopandisha presha, na insulini nyingi inazifanya figo zishike chumvi. Juu ya hayo seli za mafuta zinatoa PAI-1 ambayo inazuia damu iliyoganda isiyeyuke, na shambulio la moyo mara nyingi ni donge la damu limeziba mshipa. Kuna hata mafuta yanayokaa juu ya moyo wenyewe, yamegusana na mishipa ya moyo bila ukuta katikati, yakicharuka sumu yake haina safari ndefu.

Kwahiyo hivo vitu vyako 5, kiuno, trigliseridi, HDL, presha na sukari, siyo magonjwa matano tofauti. Madaktari wakikuta 3 kati ya hivo wanaita sindromu ya kimetaboliki, wewe unavyo vyote.

Na kama bado unafikiri dawa ni kuondoa mafuta tu basi, nikupe ushahidi wa pande mbili. Kuna watu wanazaliwa karibu hawana mafuta mwilini kabisa, wembamba misuli inaonekana, ungedhani moyo wao ndo salama. Wana kisukari kikali, ini limejaa mafuta, trigliseridi ziko juu vibaya sana, kwa sababu mafuta hayana pa kukaa na homoni zake hazipo. Hao ndo leptini ya sindano inawasaidia kweli, Marekani iliidhinishwa kwa ajili yao 2014. Upande wa pili ni hiyo operesheni uliyoshauriwa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa karibu kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, wiki 10 mpaka 12 baadaye wakapimwa, na presha, sukari, mafuta kwenye damu, adiponektini, usikivu wa insulini, vyote vilikuwa palepale. Kilo 10! Mana mpira wa kunyonyea unafika chini ya ngozi tu, yale ya ndani yanayolitesa ini hayajaguswa, na seli zilizobaki hazijasinyaa. Mtu akifanya kwa ajili ya umbo ni uamuzi wake, ila usiifanye kwa ajili ya moyo.

Habari njema, na hii nakuambia kwa furaha kabisa, ni kwamba mafuta ya ndani ndo yanayokubali kutoka mapema ukianza kujisogeza. Hata mzani usipocheza sana, mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara kiuno kinaweza kupungua na ini likapungua mafuta. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari uliotoka 2002 uliwachukua watu ambao sukari yao imeanza kupanda kama wewe, wakawekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea haraka au zoezi kama hilo dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, ilishuka kwa 31. Asilimia 7 kwako ni kama kilo 5, yaani hakuna anayekuambia ufike kilo 50. Ongeza na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki mana misuli ndo inayomeza sukari nyingi, punguza vinywaji vyenye sukari na pombe kama unatumia, sigara kama ipo iache kabisa, wavutaji wengi wana mwili mdogo lakini mafuta yanajipanga tumboni.

Ila usijinyime chakula kwa hasira. Ukikata kula ghafla leptini inaporomoka haraka kuliko hata mafuta yenyewe yanavyopungua, ubongo unaona njaa imeingia, unakuongezea hamu na kupunguza matumizi ya nguvu, ndo mana wengi wanapungua alafu kilo zinarudi na nyingine juu. Seli za mafuta zinasinyaa tu, idadi yake haipungui sana, zinasubiri. Nenda polepole mwili uzoee. Na lala! Usiku ukiwa mfupi siku nyingi leptini inaweza kushuka na ghrelini, homoni inayoleta njaa, ikapanda, unaamka unataka kula tu alafu unajilaumu huna msimamo.

Mzani uweke pembeni kidogo, chukua futi ya fundi. Pima katikati ya mbavu ya mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo. Kiuno kizuri ni kisichofika nusu ya urefu wako, kwako ni chini ya 80. Una 96, ni mbali, lakini kila sentimita inayotoka ni ini limepumua, usisubiri ufike 80 ndo ujisifu.

Kwa daktari unarudi, na safari hii mwambie mapema kabisa mama alifariki kwa moyo akiwa na 58. Kwa ndugu wa kike wa damu, kabla ya 65 inahesabiwa ni mapema na inabadilisha maamuzi. Muombe arudie sukari pamoja na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, aangalie ini na figo, presha upime siku tofauti tofauti ukiwa umetulia mana kipimo kimoja siku ya foleni hakitoshi. Muulize kama unahitaji statini, dawa ya kushusha kolesteroli, au dawa ya presha, usiogope dawa kama hatari yako ni kubwa, mazoezi na dawa havigombani. Utasikia pia habari za sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi, hizo zinaiga homoni ya utumbo siyo ya mafuta, na utafiti uliotoka 2023 kwa watu wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo tayari, bila kisukari, ulionesha mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 20. Ni dawa ya kweli yenye maudhi yake, kichefuchefu na kutapika, na ukiacha uzito unarudi kwa wengi, kwahiyo ni mazungumzo ya wewe na daktari, siyo ya kununua kwa mtu.

Ukisikia kifua kinabana, pumzi inakata, jasho la baridi, au maumivu yanayopanda kwenye taya, mgongo au mkono, usisubiri miadi, nenda dharura saa hiyohiyo. Wanawake wengi wanakuja na kichefuchefu na uchovu wa ajabu bila ile picha ya mtu kushika kifua, wanaambiwa ni gesi.

Na dada. Leo mafuta yake yamekaa mahali pazuri na nashukuru kwa ajili yake, msimuonee wivu wala msimcheke. Lakini wengi wenye mwili mkubwa na vipimo safi hawabaki hivo miaka yote, hasa wakivuka kukoma hedhi, na hata vikiwa safi hatari ya moyo kwao iko juu kidogo kuliko mwembamba mwenye vipimo safi. Magoti yanabeba, usingizi unaweza kuwa na mkoromo wa kukata pumzi. Na mama ni wenu wote. Kwahiyo apime kila mwaka, na kama mnaishi karibu tembeeni pamoja jioni.

Kama kapsuli za rafiki yako umeshaanza kumeza acha, na kichupa ukibebe siku ya daktari aone kilichoandikwa, mana baadhi ya hizi za kupunguza mwili zimewahi kukutwa na dawa zilizofichwa zinazopandisha presha na mapigo ya moyo, na hiyo 138 ni lazima ajue imetoka wapi.

Shangazi